Tunda la Joka Uani: Nguzo Moja Kwanza

Mazungumzo ya huduma za ugani kwa wakazi wa kata za ukanda wa Pwani



Katika siku za karibuni maswali mengi yanayofikishwa kwa maafisa ugani wa kata yamekuwa juu ya mmea mmoja mgeni: tunda la joka, ambalo wengine hulijua kwa jina la pitaya, na wauzaji wengi sokoni huliita dragoni. Wapo wanaouliza namna ya kulipanda. Wapo pia wanaouliza kama inafaa kung'oa mihogo, au kuuza mbuzi wawili, ili kununua miche yake. Maswali hayo mawili yana uzito usiolingana, na mazungumzo haya yanakusudia kuyajibu yote mawili kwa utaratibu.

Mmea wenyewe

Tunda la joka huzaliwa na mmea wa jamii ya dungusi kakati, ambao asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Wafaransa waliupeleka Vietnam katika karne ya 19, na leo Vietnam ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Huko wakulima huwasha taa za umeme mashambani usiku ili mimea ichanue hata nje ya msimu wake.

Mmea huu hauna majani. Shina lake la kijani, lenye pembe tatu na miiba midogo, ndilo linalofanya kazi ya majani. Mimea mingi hufungua vinyweleo vyake mchana na kupoteza maji juani, lakini huu huvifungua usiku, wakati hewa imepoa. Ndiyo maana unastahimili kiangazi cha Juni hadi Septemba bila kudai ndoo nyingi za maji. Hata hivyo, kustahimili ukame si sawa na kustawi katika ukame: mmea usiopata maji kabisa hubaki hai, lakini hauzai matunda ya maana.

Zipo aina tatu zinazojulikana zaidi: yenye ganda la waridi na nyama nyeupe, yenye ganda la waridi na nyama nyekundu, na yenye ganda la njano. Tofauti hiyo inagusa zaidi ya rangi, kama itakavyoelezwa penye habari ya maua.

Mahali na udongo

Mmea hutaka jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Udongo wa kichanga ulioenea Mkuranga na sehemu nyingi za Pwani unafaa, mradi uongezewe samadi iliyooza au mboji, kwa kuwa mchanga mtupu haushiki rutuba. Penye udongo wa mfinyanzi, au penye bonde ambalo maji ya masika husimama, shina huoza tangu chini. Mkazi mwenye uwanja wa namna hiyo ainue tuta la kiasi cha sentimita 30 hadi 40 na kupanda juu yake.

Isipandwe chini ya mwembe au mkorosho mkubwa, kwa maana kivuli kizito huzuia maua. Lakini miche michanga ikichomwa na jua kali mashina yake hugeuka manjano. Inafaa kuifunika kwa makuti mepesi katika wiki za mwanzo.

Nguzo

Huu ni mmea unaopanda, na bila nguzo hutambaa chini, ukaoza na kuliwa na konokono. Nguzo ndiyo gharama kubwa ya mwanzo, na ndipo makosa mengi hufanyika. Mmea ukitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 20 au zaidi, na ukikomaa huwa mzito sana. Mti laini utaliwa na mchwa kabla mmea haujafikia nguvu zake, na nguzo ikianguka huanguka na miaka ya kazi.

Nguzo ya zege yenye nondo ndani hudumu kuliko zote. Iwe na urefu wa mita 2 hivi au kuzidi kidogo, sentimita 50 hadi 60 zikiwa ardhini. Asiye na uwezo wa zege aweza kutumia mti mgumu. Boriti za mikoko zisitumike bila kibali: misitu ya mikoko ni hifadhi, na ndiyo ngome ya pwani dhidi ya mawimbi na mazalia ya samaki na kamba.

Juu ya nguzo huwekwa fremu ya mbao, au tairi kuukuu, ili matawi yapate pa kuinamia. Hapa pana jambo la afya ya jirani. Tairi hushika maji ya mvua, na maji hayo ndiyo makazi apendayo mbu aenezaye homa ya dengue, ugonjwa uliosumbua Dar es Salaam na maeneo ya jirani mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kila tairi litobolewe matundu kadhaa upande wa chini, au likatwe nusu kwa mviringo, hata lisibakize tone. Afisa afya wa kata anayo haki ya kuagiza tairi lenye maji liondolewe, na jirani anayo haki ya kumwita.

Kupanda na kutunza

Mbegu za tunda huota, lakini mmea wake huchukua miaka mingi kuzaa. Njia iliyo bora ni pingili, yaani kipande cha shina lililokomaa, chenye urefu wa sentimita 30 hadi 40. Pingili ikishakatwa iachwe kivulini siku 5 hadi 7 mpaka kidonda kikauke. Ikipandwa mbichi huoza. Upande uliokuwa chini mtini ndio uingie udongoni, kwa kina cha sentimita 5 tu au kuzidi kidogo.

Pingili nne hupandwa kuizunguka nguzo moja, kila upande wake. Nguzo na nguzo ziachane mita 2.5 hadi 3. Samadi iliyooza, kiasi cha ndoo moja kwa nguzo, ichanganywe na udongo wa juu. Samadi mbichi isiguse shina. Matandazo ya majani makavu hufunika mizizi, ambayo iko karibu sana na uso wa ardhi. Kwa sababu hiyo jembe lisipite hapo, magugu yang'olewe kwa mkono.

Katika miezi ya kwanza kila pingili iachiwe shina moja tu, lifungwe nguzoni kwa kamba laini au kitambaa, na vichipukizi vya pembeni viondolewe. Shina likifika juu ya fremu likatwe ncha, ndipo litoe matawi yatakayoning'inia. Matunda huja kwenye matawi hayo yaliyoinama, na asiyepogoa huvuna msitu wa miiba. Kisu au mkasi usafishwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mmea mwingine, kwa kuwa magonjwa ya ukungu husafiri kwa kifaa.

Maji ya mara moja au mbili kwa wiki yanatosha wakati wa kiangazi. Wakati wa masika hayahitajiki. Mmea uliopandwa kwa pingili na kutunzwa vema huanza kuonyesha matunda kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Mazao yenye uzito huja baadaye, mmea ukishajaza fremu.

Ua la usiku mmoja

Hapa ndipo wakulima wengi wapya hukata tamaa, kwa kuwa mmea huchanua sana na hauzai. Ua la mmea huu, jeupe na refu kama sentimita 25 hadi 30, hufunguka jioni na kunyauka jua linapopanda asubuhi ya pili. Halina nafasi nyingine. Ni kama ua la mbuyu, ambalo nalo hufunguka usiku na kungojea popo. Katika nchi zake za asili, popo na nondo wa usiku ndio wanaobeba chavua. Nyuki wa alfajiri husaidia kwa sehemu.

Aina nyingi za nyama nyekundu haziwezi kujichavusha kwa chavua yake zenyewe, wala ya mmea uliotokana na shina moja nazo. Mkazi aliyenunua pingili kumi kutoka mti mmoja aweza kuwa na mimea kumi isiyozaa. Dawa yake ni rahisi: apande angalau aina mbili tofauti, na mojawapo iwe ile ya nyama nyeupe, ambayo kwa kawaida hujichavusha.

Kisha aamke. Kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi achukue brashi laini na kikombe kikavu, akung'ute unga wa njano kutoka ua la aina moja, aupake kwenye ncha ya katikati ya ua la aina nyingine, ile yenye vidole vingi inayotokeza mbele. Kazi ya ua moja haimalizi dakika moja, na mara nyingi ndiyo inayoamua kama ua litaanguka au litakuwa tunda.

Kuvuna

Tunda hukomaa siku 30 hivi, pengine zaidi kidogo, baada ya ua. Ganda hugeuka kutoka kijani hadi waridi, na siku chache baada ya rangi kuenea kote ndipo utamu hutimia. Tunda hili haliivi likiwa ndani kama embe au ndizi: likichumwa changa hubaki changa. Basi asiyetaka kuibiwa na ndege alifunike kwa mfuko wa karatasi au wavu badala ya kulichuma mapema. Mfuniko huo huwazuia pia nzi wa matunda. Likatwe kwa mkasi pamoja na kipande kidogo cha shina. Likivutwa kwa mkono ganda hupasuka na kuoza.

Tunda lina maji mengi, nyuzinyuzi na vitamini C, na ni chakula kizuri kwa watoto. Mwenye kula lile la nyama nyekundu asiogope akiona mkojo umegeuka rangi. Ni rangi ya tunda tu. Lakini si dawa ya kisukari, wala ya shinikizo la damu, wala ya saratani. Yeyote anayeliuza kwa madai hayo anahatarisha maisha ya mgonjwa atakayeacha dawa za hospitali.

Juu ya fedha

Sasa swali la pili, lile la mihogo na mbuzi. Wengi wanakumbuka jinsi ufugaji wa kware ulivyovuma nchini Kenya na hata huku miaka ya 2013 na 2014. Bei ya yai ilipanda kwa sababu wanunuzi wakubwa walikuwa wafugaji wapya waliotaka kuanza, na walaji walikuwa wachache. Wafugaji wapya walipokwisha, bei ikaanguka, na mabanda yakabaki.

Tunda la joka lina walaji wa kweli, hasa mijini na hotelini. Hata hivyo, panapotokea mtu anayeuza pingili kwa bei kubwa na kuahidi kuyanunua matunda yote, yafaa aulizwe maswali manne. Je, yeye mwenyewe anavuna na kuuza matunda, au anauza pingili tu? Mti mama uko wapi, na unaweza kuonwa ukiwa na matunda? Pingili ni za aina ngapi? Na ahadi ya kununua imeandikwa katika mkataba wenye bei na tarehe, au imesemwa kwa mdomo? Akikwepa swali hata moja, mkazi abaki na fedha zake.

Pingili zisiingizwe kutoka nje ya nchi mfukoni au ndani ya begi. Uingizaji wa mimea unahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, kwa kuwa ugonjwa mmoja wa shina waweza kuingia na pingili moja na kuwafikia majirani wote.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Muhogo, mnazi, mkorosho na nanasi vimelisha na kusomesha watoto wa ukanda huu kwa vizazi. Visiondolewe. Panatosha pembe ya ua kwa nguzo moja yenye pingili nne za aina mbili. Gharama yake haiwezi kuangusha nyumba, na ndani ya miaka miwili itamfundisha mwenye nyumba kama udongo wake unafaa, kama anaweza kuamka usiku, na kama majirani wanalinunua tunda. Pingili za nguzo ya pili atazikata kwenye ile ya kwanza, bila kununua.

Huduma iliyopo

Ushauri wa afisa ugani wa kata ni huduma ya umma na hautozwi ada. Mkazi aliyekwisha kupanda amwite aje kuuona mmea, hasa panapoonekana madoa ya kahawia au ulaini kwenye shina. Kupulizia kiuatilifu bila kujua ugonjwa ni kutupa fedha na kudhuru nyuki. Mkazi ambaye hajapanda amwite kabla ya kununua. Na mwenye aina moja amtafute jirani mwenye aina nyingine wabadilishane pingili, ili kila mmoja awe na chavua itakayoliwezesha ua lake kuzaa.