Jengo Lipi Lastahili Kuhifadhiwa?

  

Jengo haliwekwi katika hifadhi kwa ukongwe wake peke yake. Magofu mangapi ni makongwe, wala hayana khabari ya kusimulia. Mkataba wa Urithi wa Dunia, uliofanywa na UNESCO mwaka 1972, unataka sababu. Kwa kazi za wanadamu vipimo ni sita, na baadhi yake ni hivi: liwe kazi ya ustadi usio na kifani, liwe shahidi wa mila za watu, liwe mfano bora wa namna ya ujenzi, au lifungamane na matukio na imani zenye maana kwa ulimwengu. Tena liwe na uhalisi wake, na pawepo sheria na watu wa kulilinda.

Tazameni Kasubi, hapa Uganda. Nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 kuwa jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza, naye akazikwa humo mwaka 1884. Mahali hapo pakaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 moto ukaiteketeza nyumba. Je, cheo kilipotea? La, hakikupotea. Mafundi wa ukoo wa Ngeye walikuwa wangali wanajua kuezeka; nyumba ikajengwa upya, na mwaka 2023 Kasubi ikatolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Basi uhalisi haumo katika nyasi tu, umo pia katika elimu ya mikono.

Huenda Mwislamu akauliza: kaburi hilo lawahusu nini Waislamu? Mutesa ndiye aliyefunga Ramadhani kwa miaka kama kumi, na ndiye aliyewaua Waislamu mwaka 1876. Kuhifadhi si kuabudu, wala si kusifu. Ni kutunza ushahidi, wa mema na wa maovu.

Msikiti mkongwe nao upimwe hivyo kabla ya kubomolewa: nani aliutoa wakfu, nani alisomesha humo, na ni kitu gani humo kisichopatikana penginepo? Kupanua nyumba ya ibada ni kheri. Lakini ukuta ukishaanguka hauulizwi tena.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuzitunza amana. Amin.