Kumlinda mtoto ni kazi ya kusomea

Maneno tuliyosema mbele ya vijana, wanafunzi na watumishi wa jamii, Lubumbashi



Tunajua taksi-bisi ziko bei, na wengine mumetoka kazini bila kula. Tutasema yenye iko ya maana.

Leo hatukukuja kusema juu ya maji wala umeme, hata kama kwetu vyote viwili vinakatika. Tumekuja kusema juu ya watu wenye wanafanya kazi ya kulinda watoto: asista sosiale wa ofisi ya Affaires sociales, polisi mwenye anapokea malalamiko, mwalimu, muganga, mwamuzi wa tribinali ya watoto, na wale wanaolala na watoto wa barabarani kwenye vituo. Swali letu ni moja: hawa watu, nani anawafundisha? Na wakisha kuanza kazi, wanapata wapi nafasi ya kusoma tena, masomo ya juu, bila kuacha kazi?

Kuna wenye watasema: «Hiyo ni mambo ya wenye diplome, haiko ya raia.» Tunakataa. Mtoto akiumia kwenye avenyu yako, ni mikononi mwa hawa watu ndiyo ataanguka. Kile hawakijui, mtoto ndiye analipa.

Sheria iko

Tusidanganyane, Congo haikosi sheria. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa haki za mtoto mwaka wa 1989, na inchi yetu iliuratifisha 1990. Katiba ya 2006, kwenye kifungu cha 41, inasema mtoto ni kila mtu mwenye hajatimiza miaka 18, na inakataza kumtupa, kumtesa, na kumshitaki uchawi. Kisha, tarehe 10 Januari 2009, ikatoka sheria nambari 09/001 ya kulinda mtoto.

Mbele ya hapo tulikuwa na nini? Dekre ya tarehe 6 Desemba 1950, ya wakati wa Wabelgiji, juu ya watoto «wakosaji». Karibu miaka 60 mtoto alitazamwa kwanza kama mhalifu mdogo. Sheria ya 2009 iligeuza macho: mtoto ni mtu wa kulindwa na jamii, na tribinali, na sheria ya adhabu. Ikaweka tribinali za watoto. Ikasema mwenye hajafika miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia mbele ya sheria. Ikasema kama kuna mashaka juu ya miaka yake, ahesabiwe kuwa mtoto. Ikaweka adhabu kwa mwenye kumwita mtoto mchawi.

Nzuri sana. Lakini sheria haina miguu. Katikati ya sheria na mtoto kunasimama mtu mwenye kalamu mkononi, amechoka, hajalipwa vizuri, na mara nyingi hakuna mtu aliyemfundisha kazi hii.

Namna dosie inakufa

Tuchukue mfano. Hatumsemi mtoto fulani. Ninyi wenyewe mutaona kama hamujui habari ya namna hii.

Binti wa miaka 13 amebakwa. Mama yake anamupeleka kwa chefu wa kartiye. Chefu anauliza: «Mutoto, sema, nani alikufanyia hivi?» Kisha anaita familia mbili zipatane. Siku ya tatu inapita. Sasa, kila muganga anajua: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Saa 72 zimekwisha kwenye kiti cha chefu, watu wakihesabu mbuzi.

Halafu polisi anauliza, kwenye biro yenye watu wanaingia na kutoka. Hospitali inauliza. ONG inakuja na fishi yake, inauliza. Asista sosiale anauliza. Mwamuzi anauliza. Mara sita! Mara ya nne binti amebadilisha neno moja. Mara ya sita amenyamaza. Avoka wa upande wa pili anasimama: «Munaona, anasema uongo.» Dosie imekufa.

Kati ya wale sita, pengine hakuna hata mmoja aliyependa mabaya. Kila mmoja alifanya kile alifikiri ni kazi yake. Kilichokosekana ni ujuzi: kwamba akili ya mtoto mwenye hofu haitoi habari kwa mstari ulionyooka, kwamba maswali ya wazi («niambie kile kilitokea») ni mazuri kuliko maswali yenye jibu ndani («ni yule jirani, sivyo?»), kwamba mtoto asikilizwe vizuri mara moja na maneno yake yaandikwe, ili wengine wapokee yale maandiko, wasimurudishe kwenye maumivu, kwamba hospitali inakuja mbele ya mapatano. Moyo mzuri peke yake hautoshi hapa. Ni kazi ya kusomea.

Mfano wa pili: kijana wa miaka 12 analala sokoni. Siku ya operesheni ya kukamata mashege, anakamatwa. Hana cheti cha kuzaliwa. Polisi anamutazama kwa macho: «Huyu ni mukubwa.» Anaingizwa kasho pamoja na watu wazima. Sheria iliisha kumlinda kwa maandishi, lakini mwenye funguo hakuisoma.

Mfano wa tatu, twende Kolwezi. Watoto wanatolewa kwenye mashimo ya kobalti, wanapigwa picha, wanapewa mifuko ya shule. Mwezi wa pili wamerudi kuosha mawe. Juu ya nini? Juu ya hakuna aliyeuliza nyumbani wanakula na pesa ya nani. Kusimamia dosie ya mtoto kuna hatua zake: kumtambua, kupima hali yake na ya familia, kupanga pamoja nao, kutekeleza, kufuatilia, na kufunga dosie wakati kweli iko ya kufungwa. Huku kwetu mara nyingi tunafanya hatua ya kwanza, tunaruka mpaka kwenye picha.

Semina za siku tatu

Watumishi wetu si watu wajinga. Wengi wako na gradua au lisanse: sheria, saikolojia, ualimu, uganga. Lakini somo la mtoto walilipata kidogo tu, kisha wakajifunzia kazini. Na kwa kujifunzia kazini, wanaletewa semina: siku tatu otelini, perdiemu, cheti, picha ya pamoja. Mradi ukiisha, semina zimeisha. Mwaka unaofuata ONG ingine inakuja na somo lile lile kutoka mwanzo, kwa sababu hakuna mtu anayehesabu kile wameshajifunza.

Hapa ndipo masomo ya juu yana maana. Mfumo wa LMD ulienezwa kwenye vyuo vyetu tangu mwaka wa masomo 2021-2022. Wengi wanaujua kwa matatizo yake. Lakini uko na kitu kimoja kizuri kwa mtu wa kazi: kredi. Lisanse ni kredi 180, masta ni kredi 120, na kredi uliyopata haipotei. Mtu anaweza kusoma kidogo kidogo, Ijumaa jioni na Siku ya Posho, kwa miaka mitatu hata minne, na kila somo likabaki lake. Mama asista sosiale mwenye watoto wane hawezi kukaa darasani kila asubuhi. Kwa kredi, anaweza kufika.

Na masomo ya namna hii hayafanywi kwa kukariri silabusi. Mwanafunzi analeta dosie za kazi yake, majina yametolewa, zinachambuliwa pamoja. Polisi anakaa kiti kimoja na muganga na mwalimu. Jumatatu wakikutana kwenye dosie ya kweli, wanajuana na wanaongea lugha moja. Wanasoma namna mtoto anakua, namna ya kumsikiliza, sheria ya 2009, kutunza siri, kutafuta familia ya mtoto aliyepotea. Wanasoma Kanuni za Paris za 2007 juu ya watoto waliotumiwa na vikundi vya silaha, kwa sababu ndugu zetu wa Kivu na Ituri hawasomi hizo kama historia. Thomas Lubanga alihukumiwa La Haye mwaka wa 2012 juu ya kuingiza watoto kwenye jeshi lake. Watoto wale walirudi nyumbani. Nani alikuwa amefundishwa kuwapokea?

Tunajua Chuo Kikuu cha Geneva kiko na kitovu cha haki za watoto kule Sion, Uswisi. Vizuri. Lakini visa, tikiti na nyumba ya Uswisi, ni asista gani wa Katuba ao wa Ruashi atavilipa? Na hapa Lubumbashi, vipande viko: UNILU iko na fakiltee ya sheria, ya saikolojia na elimu, ya uganga, iko na shule ya afya ya umma na shule ya kriminolojia. Jina Kasapa ni jina la kampasi yetu, na ni jina la gereza letu. Tunaomba ile Kasapa ya vitabu isaidie ili watoto wetu wasifike kwenye ile ingine.

Wenye kubisha

Tumesikia maneno matatu.

La kwanza: «Hawalipwi, diplome itawasaidia nini?» Ni kweli hawalipwi sawasawa, na hatutaacha kulisema. Lakini hatutaki kuchagua kati ya mshahara na ujuzi. Diplome yenye haipandishi grade kwa kazi ya Leta ni karatasi ya kupamba ukuta. Vyote viwili viende pamoja.

La pili: «Wakisha kusoma watakimbilia ONG.» Wengine watakimbia, ndiyo. Basi mwenye kusomeshwa na pesa ya umma atie sahihi: miaka kadhaa ya kazi kwenye kituo chake. Na asiyetimiza arudishe.

La tatu, na hili tunaliheshimu: «Bamama wa kartiye wanalinda watoto tangu zamani bila masta.» Ni kweli kabisa. Bila wale bamama na kamati za raia za kulinda watoto, na bila nyumba kama Bakanja ya Wasalesiani, mji huu ungekuwa umewapoteza wengi. Masta haikuje kuwapandia kichwani. Inakuja kumpa mama wa kartiye mtu wa kuita usiku, mwenye anajua hatua inayofuata na anaweza kuieleza kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha biro.

Tunaomba nini

1. Vyuo vikuu vya Leta vifungue masta ya kulinda mtoto kwa watu wa kazi, saa za jioni na Siku ya Posho, bei ilipwe kwa franka za Congo na kidogo kidogo.

2. Serikali itambue diplome hiyo kwenye kazi ya Leta, kwenye polisi na kwenye tribinali: mwenye kuwa nayo apande grade, na apewe dosie za watoto, asihamishiwe kwenye ofisi ya taksi.

3. Kodi ya madini ya watoto irudi kwa watoto. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inalazimisha kampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi, na inapatia maeneo ya chini 15% ya ada ya madini. Tunaomba sehemu ndogo ya hiyo isomeshe kila mwaka watumishi wa jamii wa Kolwezi, Fungurume, Likasi na Kipushi. Na orodha ya waliosomeshwa ibandikwe ukutani, kila mtu asome.

4. ONG zenye kuandaa semina zikubaliane na vyuo ili semina zihesabiwe kama kredi. Perdiemu ipungue, masomo yaongezeke.

Na sisi?

Hatutangoja mpaka wakubwa wajibu. Kila mmoja wetu asome sheria ya 2009. Haiko ndefu kushinda mambo tunasoma kila siku kwenye simu. Tusitume tena sura ya mtoto aliyeumizwa, hata kama tunasema ni kwa kuomba haki: ile picha itabaki akiwa mukubwa. Tusifilimu shege anapigwa, tusimame katikati. Jirani akibakwa, tumsindikize hospitali kwanza, saa 72 zinakimbia. Mwenye kuwa kazini na lisanse yake, aandike jina kwenye orodha tutakayopeleka kwa rekta: tunataka aone kwamba wanafunzi wako, darasa ndilo halipo.

Baruwa itaenda juma hili kwa rekta, kwa waziri wa jimbo mwenye mambo ya jamii, na kwa ofisi za maeneo ya chini zenye kupokea pesa ya madini. Tutarudi kuomba majibu, kwa amani, bila kuchoka, na kila jibu tutalisoma mbele yenu kama lilivyo. Wenye kukaa kimya pia, tutasema majina ya ofisi zao.

Mtoto hana kura, hana sendika, hana muda wa kungoja mradi unaofuata. Yuko na sisi. Tusimame.