Kibali cha Bonde la Msimbazi na Haki ya Wakazi Wake

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha ukamwaga maji yake baharini penye Daraja la Selander. Mchikichini imelala kando ya mto huo, na mtaa wake mmoja, Msimbazi Bondeni, unaitwa hivyo kwa sababu hiyo. Basi mipango ya kuligeuza bonde kuwa bustani ya jiji, yenye miti, njia za waendao kwa miguu na njia za baiskeli, inamhusu mkazi wa Mchikichini kwanza kabla ya kumhusu mtu wa Masaki au Mbezi.

Mipango hiyo haikuzuka jana. Mpango Mkuu wa Jiji wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde hili kuwa ardhi ya hatari, isiyofaa kwa makazi. Hata hivyo watu walijenga, na sababu yao ilikuwa wazi. Mchukuzi wa mizigo wa Kariakoo, mama lishe na muuza mitumba wa Mchikichini huamka alfajiri na kwenda kazini kwa miguu. Mshahara wa siku hautoshi nauli na chakula kwa pamoja. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika Dar es Salaam. Baadhi ya walionusurika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na soko na mbali na riziki. Wako waliorudi bondeni, si kwa ukaidi, bali kwa njaa.

Aprili 2018 maji yalijaa tena. Mwaka huohuo wataalamu, idara za serikali na wakazi walikaa pamoja kuandaa mpango mmoja wa bonde zima. Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, na Uholanzi na Hispania zikaongeza fedha zao. Madhumuni ni kupunguza mafuriko, kuinua daraja la Jangwani na kuacha bustani mahali palipokuwa na hofu.

Kabla ya kazi ya namna hiyo kuanza, hapana budi kibali kitolewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliagiza kwamba mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kujengwa. Mwenye mradi huusajili, wataalamu huchunguza udongo, maji, miti na maisha ya watu, wananchi husikilizwa, ripoti hukaguliwa, ndipo cheti hutolewa pamoja na masharti yake. Sheria hiyohiyo ilikataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Yafaa ikumbukwe kwamba njia ya bustani nayo itapita ndani ya mita hizo. Sheria iliyotumika kumwondoa mwenye kibanda haiwezi kufumbiwa macho anapokuja mwenye tingatinga.

Wako wasemao kwamba tathmini ni ucheleweshaji wa maendeleo. Bonde lenyewe limekwisha kuwajibu. Karakana ya mabasi ya mwendo kasi ilijengwa Jangwani, na huduma ya mabasi ikaanza mwaka 2016. Mvua zilipokuja, maji yaliingia karakanani na kuharibu mabasi, tena zaidi ya mara moja. Maji ya Msimbazi hayasomi ramani za ofisini. Hufuata njia waliyoijua wazee wa Ilala na Magomeni tangu zamani. Miezi michache ya uchunguzi ni rahisi kuliko miaka mingi ya kukausha injini.

Iko pia kesi ya Tabata. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kutupa taka karibu na nyumba zao, moshi na harufu vikawatesa watoto na wagonjwa. Mahakama Kuu iliamuru utupaji huo ukome. Halmashauri iliporudi kuomba muda zaidi, Jaji Lugakingira alikataa, akikumbusha kwamba Katiba, katika ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi. Hata hivyo, taka zilizoondolewa Tabata zilipelekwa Vingunguti, kando ya Msimbazi. Wakazi wa mahali pamoja walishinda, na mto ukalipa gharama. Ndiyo maana tathmini ya kweli hulitazama bonde zima, tangu Pugu hadi baharini, badala ya kutazama kipande kinachopendeza machoni mwa wageni.

Basi mwananchi wa Mchikichini anayeitwa mkutanoni kutoa maoni ana mambo matatu ya kuuliza.

La kwanza ni maji. Mto ukichimbwa na kingo zikiinuliwa Jangwani, maji yatasukumwa wapi? Nyumba iliyokuwa salama jana isije ikawa ya kwanza kuzama kesho.

La pili ni watu. Ibara ya 24 ya Katiba inataka atakayenyang'anywa mali yake kwa mujibu wa sheria alipwe fidia inayostahili. Lakini bondeni wamo pia wasio na nyumba ya kulipwa: mpangaji wa chumba kimoja, mlima mchicha, muosha magari, muuza mbao. Hao hawana hati, wala majina yao hayamo katika daftari la mthamini asipowatafuta. Kama tathmini haikuwahesabu, bustani itakuwa imejengwa juu ya jasho lao nao watakuwa wamehamia bonde jingine, kungoja mafuriko mengine.

La tatu ni matunzo. Taka za sokoni na mchanga utokao mlimani vitaendelea kuja kila masika. Nani atazoa, kwa fedha ipi, miaka kumi baada ya utepe kukatwa? Masharti ya cheti yasipotaja mhusika kwa jina la ofisi yake, njia ya baiskeli itarudi kuwa jalala.

Kanuni za mwaka 2005 zilitaka ripoti ya tathmini iwe na muhtasari kwa lugha nyepesi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Muhtasari huo ni mali ya umma. Mahali pake ni ubao wa ofisi ya kata, sokoni na msikitini, siyo kabatini mwa mshauri. Mwenyekiti wa mtaa autake kwa maandishi, wakazi wausome kwa sauti, na maoni yao yaandikwe katika mhutasari wa mkutano kabla hawajatia saini karatasi ya mahudhurio. Saini ya aliyehudhuria isigeuzwe kuwa saini ya aliyekubali.

Ndugu Wananchi, bonde linahitaji miti, na watoto wa Mchikichini wanahitaji mahali pa kucheza pasipokuwa na maji machafu. Kazi hiyo ni njema. Itakuwa njema zaidi ikiwa mtoto atakayecheza hapo ni yule aliyezaliwa Msimbazi Bondeni.