KUONDOKA MLIMANI AU KUBAKI: HESABU IFANYWE KAMILI

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya viongozi na wajumbe wa vyama vya msingi, Morogoro)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo halimo katika ratiba ya kawaida ya ukaguzi, ingawa nalikuta katika madaftari ya wanachama kila mwaka. Pembeni mwa jina la mwanachama huandikwa neno moja tu: "Amehama." Hapana tarehe, hapana maelezo ya hisa zake, wala habari ya mkopo aliouacha. Kwa neno hilo moja chama kimepoteza mwenzake, na pengine mwenzake naye amepoteza zaidi kuliko anavyojua.

Methali zetu mbili hushindana katika jambo hili. Wazee husema, "Mkataa kwao ni mtumwa." Vijana hujibu, "Mtembea bure si sawa na mkaa bure." Mimi sikuja kuamua kati ya methali hizo. Nimekuja kuomba kwamba kila mwenye nia ya kuondoka, pamoja na kila mwenye nia ya kubaki, afanye hesabu kamili kabla ya kuamua.

Watu hufuata faida

Mtu asidhani kwamba uvivu ndio unaowateremsha vijana wetu. Watu wa Uluguru wamepima faida ya kazi yao tangu zamani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi chini ya Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Huko Matombo mpango huo ulikataliwa, ghasia zikazuka Julai 1955, na mpango ukaachwa. Lakini Mgeta, ambako mboga zilikuwa na soko, kilimo cha ngazi kilishika na kudumu. Amri ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni faida aliyoiona mkulima.

Basi leo kijana akitazama kipande chake cha shamba, ambacho hakiwezi kuongezeka kwa kuwa juu yake ni msitu wa hifadhi na kando yake ni shamba la jirani, ana haki ya kuuliza faida iko wapi. Na ikiwa shamba lenyewe ni la ukoo wa baba yake, si la ukoo wa mama yake, ana haki pia ya kuuliza kama miti atakayoipanda itakuwa yake. Maswali hayo yanataka majibu, si karipio.

Mizani isiyo sawa

Kosa ninaloliona mara nyingi ni hili: mapato ya mjini huhesabiwa kabla ya kutoa matumizi, na mapato ya shamba huhesabiwa baada ya mtu kula, kulala na kuvaa. Mizani ya namna hiyo haiwezi kusema kweli.

Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Kijana aambiwa kwamba Dar es Salaam atapata shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi atapata 260,000. Sasa tutoe kodi ya chumba, 50,000. Chakula cha siku 30 kwa 4,000, yaani 120,000. Nauli ya 1,200 kwa kila siku ya kazi, yaani 31,200. Zimebaki 58,800, naye hajaugua, hajafiwa, wala hajatuma kitu nyumbani. Ikiwa migomba, pilipili manga na mdalasini wake humwachia wastani wa 60,000 kwa mwezi baada ya kula vya shambani na kulala katika nyumba isiyo na kodi, basi kile anachokidharau kinalingana na kile anachokikimbilia.

Lakini nisiwe mkaguzi wa upande mmoja. Mwingine ana ufundi wa uashi au wa kushona usio na wateja kijijini. Mwingine shamba lake halijazi hata chungu. Huyo hesabu yake itamwambia aende, naye aende kwa amani. Kumzuia ni kumdhulumu.

Tukumbuke pia kwamba kazi ya mjini nayo hufa. Mji wetu wa Morogoro ulikuwa mji wa viwanda katika miaka ya 1970 na 1980. Kiwanda cha Viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hakikupata kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, nacho kikafungwa mwaka 1990. Siku lango linapofungwa, aliyehifadhi shamba lake ana pa kurudi.

Tena tazameni hesabu ya sensa. Kati ya mwaka 2012 na 2022 Mkoa wa Dar es Salaam uliongezeka kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728. Katika muda huo huo Mkoa wa Morogoro uliongezeka kutoka 2,218,492 hadi 3,197,104. Maongezeko hayo mawili yanakaribiana, ingawa mkoa wetu ulianza na watu wapatao nusu tu ya wale wa Dar es Salaam. Ongezeko hilo ni la wazaliwa na wahamiaji pamoja, wala halisemi habari za mlima peke yake. Hata hivyo linatuonyesha kwamba ardhi tunayoiacha haitakosa wa kuitaka.

Ardhi na deni

Anayeondoka ajue mambo mawili. Kwanza, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaruhusu ardhi isiyokaliwa wala kutumika kwa muda usiopungua miaka mitano kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Kwa hiyo amwachie shamba mtu wa kulitunza, na makubaliano yaandikwe mbele ya ukoo na serikali ya kijiji.

Pili, mkopo hauhami pamoja na mkopaji. Aondokapo kimya, wadhamini wake ndio wanaolipa. Nimewaona wajane wakikatwa akiba zao kwa deni la kijana aliyepanda gari alfajiri. Huko si kutafuta maisha, ni kumwachia jirani mzigo wako.

Wajibu wa vyama

Nasi viongozi tujiulize. Mshahara wa mjini humvuta kijana kwa sababu moja kubwa: huja kila siku au kila mwezi. Fedha ya karafuu huja kwa msimu. Katika miezi mikavu mkulima huuza mazao yakiwa bado mtini, kwa bei ya mnunuzi. Mboga na viazi navyo hujazwa lumbesa, na ile nundu juu ya gunia hailipwi. Wengi hawaukimbii mlima. Wanakimbia miezi hiyo na nundu hiyo.

Kwa hiyo napendekeza:

1. Kila chama kitenge mikopo midogo ya miezi ya njaa, ili pasiwe na mwanachama wa kuuza mazao yaliyo mtini.

2. Mazao yote yapimwe kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na lumbesa ikataliwe na wote. Mmoja akiikubali, amewafunga wengine.

3. Mazao yakusanywe na kuteremshwa kwa pamoja. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hufika Dar es Salaam kwa muda wa kama saa mbili, lakini mzigo wetu bado hutumia nusu siku kichwani kabla ya kuifikia barabara.

4. Anayehama asaini fomu ya kuaga: deni, akiba, hisa, mrithi wake na mtunza shamba. Mlango wa kurudi uachwe wazi.

Ndugu Wajumbe, hatuwezi kumwekea mtu mlinzi asiondoke. Tunaweza kuhakikisha kwamba aondokaye ameondoka kwa hesabu, na abakiye amebaki kwa faida. Nitakapokuja kwa ukaguzi ujao, nitaanza na ukurasa wa wanachama. Nisilikute tena neno "Amehama" likiwa peke yake.