Ukipunguzwa kazi, usitie saini gizani

(Maneno ya mwandishi wa kujitegemea mbele ya wafanyakazi, Mbinga mjini)

 

Mimi si mwanasheria. Nimeishia kidato cha nne na kazi yangu ni kuandika habari. Lakini jambo hili limenigusa nyumbani. Mjomba wangu wa Liuli alimtumikia mwajiri mmoja miaka 14. Siku moja akaitwa ofisini, akaambiwa biashara imekuwa ngumu, akawekewa karatasi mbili mezani. Moja ilisema ameacha kazi kwa hiari yake. Ya pili ilisema amepokea haki zake zote. Akasaini zote, akapewa bahasha, akapanda basi. Na alishukuru, mzee wa watu!

Ndugu zangu, ile karatasi ya kwanza ndiyo iliyomnyonga. Aliyeacha kazi mwenyewe hana kiinua mgongo cha kupunguzwa, na kwenye Mfuko wa NSSF halipwi fao la kukosa ajira. Bosi anajua hivyo. Ndiyo maana karatasi huja imeshachapwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi mwajiri asipunguze watu. Anaweza. Lakini kwanza atoe taarifa ya nia yake, aeleze sababu, akae na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe, wajadiliane namna ya kuepuka kupunguza, nani aondoke na atalipwa nini. Kuitwa ofisini saa nne na kufukuzwa saa sita si majadiliano.

Anayelipwa kwa mwezi anapewa notisi ya siku 28, au mshahara wake badala ya notisi. Likizo ambayo hukwenda inalipwa. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Kwa hiyo mjomba, pamoja na miaka yake 14, alistahili siku 70. Ni kidogo, nakubali, lakini hata hicho kidogo hakukipata.

Halafu kuna usafiri. Babu zetu wa huku walipokwenda Tanga kukata mkonge, manamba wale, kurudi kulikuwa ni shughuli. Leo sheria inamtaka mwajiri akurudishe na mizigo yako mahali alikokuajiri, au akulipe gharama. Na akikuchelewesha, akulipe posho ya kujikimu mpaka siku ya kusafiri. Uliyechukuliwa Mbamba Bay ukapelekwa Dar es Salaam, hili ni lako. Usisahau pia hati ya utumishi.

Sasa NSSF. Tangu sheria ya mwaka 2018, aliyechangia angalau miezi 18, akaachishwa bila kupenda, anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Wa shilingi 600,000 atapata kama 200,000 kwa mwezi. Vijana waliozoea kuchukua michango yote kwa mkupuo wakati wa fao la kujitoa walinung'unika sana, na mimi siwalaumu. Theluthi ya mshahara haimalizi ada ya shule.

Lakini michango ipo? Hapo ndipo penye fumbo. Kila mwezi mshahara unakatwa, karatasi ya mshahara inaonyesha, kumbe fedha haikufika kwenye Mfuko. Usingoje barua ya kupunguzwa. Kaulize salio lako sasa, ungali kazini, na utunze karatasi zako za mshahara hata kama panya wanazitamani.

Ukiona umeonewa katika kuachishwa, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kule Songea, ndani ya siku 30. Ukichelewa itabidi uombe kwanza usikilizwe nje ya muda, na utoe sababu nzito. Mjomba alikaa miezi minne akingoja simu ya bosi.

Vibarua wa kahawa mlio hapa, najua mnasema haya ni ya wenye mikataba. Si yote. Hata anayelipwa kwa siku au kwa wiki, akipita mwezi wa kwanza anastahili notisi ya siku 4. Andikeni kwenye daftari siku mlizofanya kazi na fedha mliyopewa, maana mkifika Songea mtaulizwa.

Mama mwenye kanga pale nyuma, nimeuona mkono wako. Uliza.