Mo Ibrahim na kese yetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Munakumbuka Celtel? Mwaka 2008 ikaitwa Zain, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Aliyeianzisha ni Mo Ibrahim, mtoto wa Sudani, aliyezaliwa mwaka 1946. Alisomea mambo ya umeme kule Alexandria, akafanya kazi ya simu kwao Sudani, kisha akapata udaktari Birmingham, Uingereza. Mwaka 1989 aliacha kazi nzuri ya British Telecom, akaanzisha kampuni yake juu ya meza ya kulia chakula nyumbani.

Celtel aliianzisha mwaka 1998. Makampuni makubwa ya Ulaya yalikuwa yanaogopa Afrika juu ya vita, rushwa na umaskini. Yeye akapiga hesabu ingine: maskini hawezi kulipa fakture ya kila mwezi, lakini unite kidogo leo na kidogo kesho anaweza. Celtel ikaingia Kongo mwaka 2000, vita ikiwa bado inawaka. Mwaka 2005, ikiwa imeenea katika nchi 13, iliuzwa dolari miliari 3,4.

Lakini kilichonisimamisha hapa ni ile rushwa. Mo Ibrahim mwenyewe amesimulia kanuni yao: malipo yote yanayopita dolari 30.000 lazima yakubaliwe na baraza zima. Kwa nini? Mkubwa wa serikali akimbana mfanyakazi, huyu anajibu: «Mzee, mimi peke yangu siwezi, muulize baraza.» Kanuni ile haikumtukana mfanyakazi kuwa ni mwizi. Ilimkinga.

Sasa tujiangalie sisi. Michango yetu ya mbegu, majembe na mabati iko ndani ya telefone moja, na namba ya siri iko kichwani mwa mtu mmoja. Ni mtu mwema, nakubali. Lakini akibanwa kwenye barrière, atajibu nini? Na munajua siku ya kukimbia ilivyo: huyu anashuka Sake, yule anakamata njia ya Walikale. Kese yetu itakuwa wapi siku ile?

Napendekeza vitu vitatu, mukubali leo kwa kunyoosha mikono. Kwanza, malipo yanayopita dolari 50 yawe na sahihi tatu, na mmoja wa wale watatu awe mama. Pili, telefone ikae kwa mmoja, namba ya siri kwa mwingine. Tatu, kila mkutano tusome mbele ya wote mesaji za pesa zilizoingia na zilizotoka, hata kama ni franka elfu moja.

Mtunza kese wetu asione kama tunamshuku. Tunampa jibu la kumpa yeyote atakayembana.