Bawa la Ndege na Bati la Darasa

Mwezi Julai mwaka 2018 Shirika letu la Ndege lilipokea ndege yake ya kwanza aina ya Boeing 787-8. Ndege hiyo huweza kupaa ikiwa na uzito unaozidi tani 220. Wengi tulijiuliza chombo kizito namna hiyo kinashikiliwa na nini huko angani. Jibu ni kwamba kinashikiliwa na hewa hii hii inayopita juu ya mapaa yetu hapa Kilole, Korogwe. Leo napenda tuzungumze juu ya undugu wa bawa na bati.

Hewa inapopita kwenye bawa, msukumo wake hupungua upande wa juu na kuzidi upande wa chini. Tofauti hiyo ndiyo inayoinua ndege. Elimu hiyo huitwa aerodinamiki. Mwaka 1901 ndugu wawili Wright wa Marekani walitengeneza sanduku refu la mbao, wakapitisha upepo ndani yake ili kupima mabawa madogo. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta. Mtafiti huigawa hewa inayoizunguka ndege katika vijisanduku mamilioni, na kompyuta hukokotoa kasi na msukumo wa hewa katika kila kijisanduku, hatua kwa hatua.

Asije mtu akasema hayo ni mambo ya Ulaya. Utabiri wa hali ya hewa hutokana na hesabu za ukoo huo huo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, na wenyeji hawakuwa na wa kuwaonya. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikaribia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, na wavuvi wakapata nafasi ya kuvuta vyombo vyao pwani. Hesabu ya upepo ilifika hadi kwenye redio ya mvuvi.

Swali langu ni hili: mbona haijafika kwa fundi anayepiga misumari kwenye paa la darasa?

Upepo ukiligonga paa, huruka ukingoni, na hapo msukumo wa juu hupungua ghafla. Wakati huo huo upepo ulioingia madirishani unalisukuma paa kutoka ndani. Bati limegeuka bawa. Na kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una nguvu ya karibu kilo 47 kwa kila mita ya mraba. Bati la urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 80 laweza basi kuvutwa juu kwa nguvu ya kilo zaidi ya 110, na ukingoni hata zaidi. Bati jembamba la aina hiyo lenyewe halifiki kilo 10. Kinachobaki kulizuia ni misumari.

Ndiyo maana mapaa yanapoezuliwa, mara nyingi huanzia pembeni. Tukishasema "ni kazi ya Mungu", tunachangishana tena, na fundi anarudisha mabati yale yale kwa misumari michache ile ile. Watoto wanakaa chini ya paa lile lile.

Tiba yake si ghali kama ndege. Misumari iwe mingi zaidi kingoni na kwenye kofia ya paa. Kenchi zifungwe kwa mkanda wa chuma uliozamishwa kwenye lenta, zisikae tu juu ya ukuta kwa uzito wake. Paa lenye miteremko pande nne huhimili upepo kuliko lile la pande mbili.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha uhandisi tangu mwaka 1973. Nawaomba wahandisi wetu, pamoja na vyuo vya VETA, waandike ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, wenye picha, ambao kila kamati ya shule itampa fundi kabla hajapanda ngazi. Na kamati zisikubali kulipa kabla ya kuhesabu misumari.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tusipofunga kenchi, tutanunua mabati kila mwaka.